Mgeni hapewi uyoga

Nilishuka Mpanda asubuhi ya Januari, mgongo umekufa ganzi na tumbo linadai haki yake. Usiku treni ilikuwa imetoka Tabora, ikaiacha reli ya Kigoma pale Kaliua, ikashika tawi lake la kusini na kuingia kwenye miombo iliyolowa chapachapa. Kulipopambazuka nilianza kuwaona kandokando ya reli: akina mama na watoto, mmojammoja, wawiliwawili, wanainama na kuinuka kwenye nyasi, kila mmoja na beseni au kikapu chake. Sikuhitaji kuambiwa wanatafuta nini. Mvua imenyesha usiku, jua limechomoza, vichuguu vimejaa kila upande.

Kwenye gesti niliyofikia, orodha ya vyakula ilikuwa imebandikwa ukutani, imefunikwa plastiki isichafuke. Chipsi kavu, chipsi mayai, chipsi kuku, wali kuku, wali nyama, ugali nyama. Niliitazama ile plastiki kwa muda. Mtu hafuniki hivyo kitu anachotarajia kukibadilisha. Orodha ile ingekuwa hivyohivyo Julai, na ingekuwa hivyohivyo Morogoro, Njombe au Bukoba.

Nikaenda dirisha la jikoni, nikamwamkia mama aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo. Akaitikia marahaba. Nikamuuliza kama naweza kupikiwa uyoga.

Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Kisha akamwita binti aliyekuwa nyuma aje asikie. "Mwanangu," akaniambia, "mgeni hapewi uyoga. Uyoga tunakula sisi."

Nikala wali kuku. Kuku alikuwa mtamu, sina neno. Lakini kauli ile ilinikaa kichwani siku zote nilizokuwa Katavi, kwa sababu nilikuwa nimekuja na maneno mengine kabisa masikioni. Rafiki yangu aliyesoma Kyoto miaka kadhaa hana hadithi anayoipenda kama ile ya nyumba za wageni za kule, zile za jadi ziitwazo ryokan. Ukifika, unavua viatu mlangoni, unapewa vazi la nyumbani, unaonyeshwa chumba chenye mikeka na, palipo na chemchemi, bwawa la maji ya moto. Ikifika jioni chakula kinaletwa. Huchagui. Mwenyeji ndiye aliyeamua utakula nini, na aliyemwamulia yeye ni tarehe. Aprili utakuta vichipukizi vya mianzi vilivyochimbwa kabla havijachomoza vizuri udongoni. Kiangazi utapewa ayu, samaki mdogo wa mtoni, amechomwa kwa chumvi huku mwili wake umepindwa kana kwamba bado anaogelea. Vuli inakuja na samaki aitwaye sanma na mchele mpya. Anayefika Februari akaulizia chakula cha Oktoba huyo amekosea njia.

Wajapani wana neno la kitu kuwa katika wakati wake hasa, ule muda mfupi ambao ladha imefika kileleni: shun. Na si neno la wapishi peke yao. Kalenda yao ya zamani, iliyotoka China na kurekebishwa na mnajimu Shibukawa Shunkai mwaka 1685 ili ifuate hali ya hewa ya Japani, iligawa mwaka katika vipindi 72, kila kimoja cha siku tano hivi, na kila kipindi kina alama yake: chura ameanza kulia, mianzi imechipua, na kadhalika. Mwaka 2013 mapishi yao ya jadi, washoku, yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika, na moja ya hoja zilizotolewa ni huko kufuatana kwa chakula na majira.

Hata safarini hawakuliacha jambo hili. Inasimuliwa kwamba mwaka 1885, katika stesheni ya Utsunomiya, abiria waliuziwa matonge mawili ya wali yenye tunda la ume lililotiwa chumvi ndani yake, pamoja na achari ya figili, yamefungwa kwa gome la mwanzi. Ndipo ulipoanza utamaduni wa ekiben, chakula cha stesheni, na leo miji mingi yenye reli ina kisanduku chake ambacho msafiri hakipati kwingine. Hapa nilimkatiza rafiki yangu. Nani asiyejua kuku wa Saranda? Aliyepanda treni ya reli ya kati miaka ile anakumbuka mikono iliyoingia madirishani usiku, na harufu ya kuku wa kuchoma iliyotangulia kabla treni haijasimama. Ekiben tulikuwa nayo, tena bila kisanduku.

Basi swali langu Mpanda lilikuwa dogo tu: kwa nini kalenda ya Katavi, ambayo ni tajiri kuliko nilivyodhani, inaishia mlangoni pa gesti?

Utajiri huo unaonekana Novemba. Mvua za kwanza zikigusa ardhi, kumbikumbi wanatoka, na kwa siku chache kila taa ya mji ni mtego. Embe zimeshaanza. Porini, makusu yameiva na kudondoka yenyewe chini ya mikusu, na watoto wanaochunga wanarudi jioni hawataki ugali. Halafu Desemba na Januari ni zamu ya uyoga, na hapa nitakaa kidogo.

Katika uyoga wa msitu wa miombo kuna aina mbili ambazo mtu asiyezijua angedhani ni kitu kimoja. Wa kwanza ni wa kichuguu. Mchwa hawezi kumeng'enya miti na majani makavu peke yake, kwa hiyo hujenga bustani ya kuvu ndani ya kichuguu, akaipalilia na kuilisha mwaka mzima. Mvua zikilowesha chini, bustani ile inasukuma uyoga juu. Mmoja katika ukoo huu, unaofahamika sana Zambia na ng'ambo ya ziwa Kongo, una kofia inayoweza kufikia upana wa mita moja. Mtoto anaweza kuutumia kama mwavuli na ukabaki wa kupika. Aina ya pili haina habari na mchwa. Huo ni wa manjano kama kiini cha yai, una matuta chini ya kofia, na unaishi kwa mkataba na mizizi ya miti: mti unaupa sukari, wenyewe unauletea mti maji na madini ya udongo. Hakuna aliyefanikiwa kuupanda huu wa mizizi shambani kama mahindi. Matsutake, uyoga wa vuli ambao Wajapani wananunua kwa bei ya kutisha, unaishi vivyo hivyo na misonobari, na misonobari yao ilipougua na misitu kuachwa bila kutunzwa, matsutake nao ukapungua. Kwetu adui ni shoka. Mti ukienda kwenye bani la kukaushia tumbaku, au kwenye tanuri la mkaa, mkataba umevunjika na uyoga wa manjano hautoki tena pale.

Barabarani unauzwa kwa fungu au kwa beseni. Anayeuza amekwisha kuuchambua nyumbani, kwa sababu katika kazi hii kosa moja ni msiba. Elimu ya kujua upi ni upi iko kwa akina mama na bibi, na haijaandikwa ukutani wala kufunikwa plastiki. Unapikwa kwa karanga zilizotwangwa, au kwa mawese ukiwa upande wa Karema na Ikola. Unaobaki unaanikwa. Uyoga mkavu ukirudishwa kwenye maji mwezi wa nane una harufu nzito kuliko ulivyokuwa mbichi, mfano wa nyama iliyokaushwa kwa moshi, na kuna wanaoupendea hapohapo.

Mvua zikikatika, Aprili na kuendelea, kalenda inahamia bondeni. Mpunga wa Mpimbwe unavunwa kuanzia Mei hivi, na Mpanda inajaa mchele mpya. Hapa midomo yetu na ya Wajapani inaachana. Mchele mpya una maji ndani yake, unalainika upesi na kushikana. Kwao hiyo ndiyo sifa, wanaungoja mpaka vuli, tena magunia yanaandikwa kuwa ni wa mwaka huu. Kwetu mpishi wa pilau anaukimbia, anatafuta wa mwaka jana ili kila punje isimame peke yake. Mama wa jikoni aliniambia mchele mpya unataka maji pungufu na moto wa adabu, la sivyo ni bokoboko. Mimi niko upande wa Wajapani katika hili. Wali wa mchele mpya, mtupu, na dagaa pembeni, sioni unachoongezewa na pilau.

Dagaa wenyewe wanafuata kalenda nyingine kabisa, ya mwezi angani. Ziwa Tanganyika linavuliwa gizani. Taa, zamani karabai na sasa za betri na sola, huwavuta dagaa juu, na migebuka huja nyuma yao kuwala. Mbalamwezi ikijaa, taa haina nguvu tena, wavuvi wa Karema na Ikola wanapumzika na kushona nyavu. Kwa hiyo mwenye pua nzuri sokoni Mpanda anajua mwezi uko wapi bila kutazama juu. Mwaka 2024 kukaongezwa msimu wa serikali: ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Biashara ilinuna.

Katikati ya mwaka ni asali. Inyonga, kwa Wakonongo, warina asali wanaingia porini na kukaa kambini majuma kadhaa. Rangi inategemea ua lililonyonywa, na muuzaji mzuri atakuambia hii ya leo ni ya mti gani. Ipo pia ya nyuki wadogo wasiouma, nyembamba, yenye ukakasi wa limau, inayouzwa katika chupa ndogo kwa bei kubwa na kunywewa kama dawa. Mizinga ya magome bado ipo, ingawa kila mzinga wa aina hiyo ni mti mmoja uliochunwa ngozi na kufa. Mizengo Pinda, mwenyeji wa Kibaoni aliyekuwa Waziri Mkuu kati ya 2008 na 2015, aliipigia debe asali kuliko kiongozi yeyote ninayemkumbuka. Lakini jaribu kuomba asali kwenye chai katika gesti ya Mpanda. Utaletewa kopo la sukari.

Hata wanyama wa Hifadhi ya Katavi wanakula na kulala kwa majira. Kiangazi kikikaza, mito ya Katuma na Ikuu inabaki madimbwi, viboko wanabanana humo kama mawe ya mtoni, na mamba wanajichimbia mapango kwenye kingo kungoja mvua. Sisi wenye jiko la gesi ndio pekee tunaodai kwamba Januari na Agosti ni kitu kimoja.

Nilipokuwa nafikiri hivyo, kwa kujiona mjuzi, mama wa jikoni alinirekebisha. Jioni ya pili nilimwambia naandika gazetini, nikamuuliza kwa nini hasa uyoga haumfai mgeni. Hakucheka safari hii. Januari na Februari, alisema, ndiyo miezi ghala linapokauka. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha, ya mwaka huu bado yako shambani. Nyumba iliyopika uyoga siku tatu mfululizo, majirani wanajua. "Ukimpa mgeni uyoga," akasema, "umemwambia shida yako kabla hajaketi."

Hapo nikaelewa kwamba rafiki yangu wa Kyoto alinisimulia nusu ya hadithi. Zile mboga za milimani ambazo ryokan za vijijini Japani zinampangia mgeni leo kwenye visahani vya kupendeza, vichipukizi na majani ya porini, zilikuwa chakula cha miezi ya njaa. Kadhalika njugu za mti uitwao tochi, ambazo ni lazima zilowekwe na kuchemshwa kwa majivu siku nyingi zitoke uchungu: watu wa mabondeni walizila kwa kukosa mpunga. Ni baada ya matumbo kushiba, na vijana kuhamia mijini na kuanza kuikumbuka kwao, ndipo chakula cha dhiki kikawa chakula cha heshima. Katavi haijafika huko, au iko njiani, kwa hiyo mgeni bado anakingwa na msimu kwa kupewa kuku. Kuku hana mwezi wa aibu.

Ajabu ni kwamba miongoni mwa watu walioandika kwa urefu juu ya chakula na ugeni wa pande hizi ni Wajapani wa Kyoto. Mwaka 1961 msafara wa Chuo Kikuu cha Kyoto, akiwamo Junichiro Itani, uliweka kambi Kabogo kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika kuwafuata sokwe. Mwaka 1965 Toshisada Nishida akaanza utafiti Kasoje, chini ya milima ya Mahale, ambayo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Kuwafuata sokwe ni kufuata matunda, maana mabungo yakiiva mahali ndiko kundi linakohamia. Na kuyajua matunda kulihitaji Watongwe, wenye nchi iliyokuwa imetandaa toka Kigoma hadi wilaya ya zamani ya Mpanda. Mwaka 1981 Nishida na mwenzake Uehara walichapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe.

Lakini anayenihusu mimi ni Makoto Kakeya, aliyefika kwa Watongwe mwanzoni mwa miaka ya 1970, akakaa nao, hata akapitishwa katika uganga wao. Utafiti wake juu ya namna walivyojipatia riziki ulichapishwa 1976. Vijiji vyao vilikuwa vidogo, vya watu wachache, vimetawanyika milimani na ziwani. Walilima kiasi cha kuwatosha tu, bila ziada ya kujivunia. Kisha wakaja wageni, na wageni hawakukauka: ndugu, wapita njia, wagonjwa wanaotafuta mganga. Sehemu kubwa ya chakula iliishia kwao. Hesabu ya mtu wa mjini ingesema hawa watakufa njaa. Jibu lao lilikuwa jepesi: ghala langu likiisha, naondoka, nakuwa mgeni kwako. Kwetu pwani tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa Watongwe aliowaeleza Kakeya, kutembea kwenyewe kulikuwa sehemu ya kilimo.

Napenda kufikiri Kakeya alikula uyoga. Kwa muda aliokaa, asingeukwepa.

Faraja ya safari ya Mpanda imeongezeka, hilo lazima lisemwe. Reli ilifika hapa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, si kwa ajili ya abiria; mgodi ukafa, reli ikabaki na kutulea. Barabara ya Tabora kupitia Koga na Inyonga, zaidi ya kilomita 340, sasa ni lami, na safari iliyokuwa ya kulala njiani masika inakwisha mchana mmoja. Gesti zina feni, chandarua kisichotoboka na maji bombani. Hata maji ya moto ya kuoga ya asili yapo, kule Mpimbwe, kwenye kijiji ambacho kimejieleza chenyewe kwa kuitwa Majimoto. Anayetaka baraka za njia bado anaweza kupita kwenye mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, unaosemekana kuwa makao ya roho iliyoipa nchi jina, na kuacha chochote alichonacho.

Faraja ya nyumbani ni jambo jingine, na haijengwi na mkandarasi. Niliiona stendi, siku moja kabla ya kuondoka. Kijana alikuwa anapanda basi la Dar es Salaam, na bibi yake alikuwa anamkabidhi mfuko baada ya mfuko: matobolwa ya kutafuna njiani, dumu dogo la asali lililofungwa nailoni mdomoni, karanga mbichi. Mwishoni akatoa kifurushi cha gazeti, akakichomeka katikati ya nguo, mbali na macho ya watu. Kijana akanusa, akacheka. Niliposimama harufu ilinifikia: uyoga mkavu. Bibi ambaye asingenipa mimi uyoga hata kwa fimbo alikuwa anamfungia mjukuu wake mwezi mzima wa Januari aende nao Mbagala au Tandika, akaupike siku atakayopakumbuka kwao.

Usiku ule mtoto alibisha hodi chumbani kwangu. "Shikamoo. Mama anakuita uani."

Uani kulikuwa na mkeka, taa ya sola, na sinia ambalo familia ilikuwa imeshalianza. Ugali wa mahindi, mlenda, na katika bakuli la bati, uyoga wa kichuguu kwa karanga, mzito, wa rangi ya udongo. Binti akanimiminia maji ya kunawa. Mama hakunikaribisha kwa maneno mengi. Alisogea tu kidogo, nafasi ikapatikana. Tulikula kimya mpaka bakuli lilipoanza kuonyesha chini yake, ndipo aliponitazama.

"Rafiki zako wa gazeti," akasema, "usiwaambie ni gesti gani."